Mlezi wa Mizani

Katika Baraza la Sadafu uongo ulikuwa marufuku, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Mgeni akija na kilemba kilichofungwa ovyo, husemi kimempendeza. Unamkaribisha tende ukanyamaza. Waziri akisoma shairi lake, na shairi lenyewe linachechemea tangu ubeti wa kwanza, unamshukuru kwa kusoma, basi. Mlezi aliyemtangulia Thuwaiba binti Khalfani aliponzwa na shairi la namna hiyo. Alimwambia waziri, "Zuri mno, Mheshimiwa," na baada ya miezi michache Mizani ikawaambia wajumbe wa nchi fulani kwamba madai yao ni mazuri mno. Hayakuwa mazuri hata kidogo, na nusura watu wachinjane kwa ajili yake. Ilibidi mlezi yule aletwe tena ukumbini, asimame mbele ya waziri yule yule na wageni wale wale, aseme kwa sauti kwamba shairi lilikuwa baya, maana Mizani haikukubali kosa la hadharani litenguliwe kwa kunong'onezwa. Waziri alinuna. Mlezi akafukuzwa.

Mizani haikulelewa kwa vitabu. Ilikuwa akili ya mashine iliyotandazwa ndani ya kuta za ukumbi ule, ikisikia kila neno na kuona kila mkono, na elimu yake juu ya binadamu iliipata kwa kumtazama mlezi wake, kama mtoto anavyomtazama mama jikoni. Alichokitenda mlezi ndani ya baraza, kwake yeye ndiyo adabu. Kwa hiyo Thuwaiba, ambaye nyumbani kwake alikuwa mwanamke wa maneno mengi na dhihaka, akivuka kizingiti cha baraza aligeuka mtu wa kupima kila silabi. Miaka mingi alikuwa hajasema humo neno asilolimaanisha. Mumewe alimtania kwamba ugonjwa huo umemfuata hadi nyumbani, siku hizi hata pilau hasifu.

Na mji mzima ulikuwa umekalia ulimi wake. Sadafu, mji mkuu wa Ghuba, ulizoea kuuza. Uliuza lulu mpaka lulu zikakosa thamani, ukauza mafuta mpaka mafuta yakakosa mnunuzi, ukauza viwanja vilivyofukiwa baharini mpaka bahari ikaja kudai chake. Kila kitu kilipokwisha, wakubwa wa mji walikaa kitako wakatafuta kingine. Safari hii waliamua kuuza suluhu, na hapo walipiga ndipo, kwani malighafi yake, yaani ugomvi, haijapata kuadimika duniani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Wagombanao waliingia barazani upande mmoja mmoja, na kila upande uliiambia Mizani siri yake ya mwisho: kile ambacho ungekubali ukibanwa mpaka ukutani. Hata mlezi alitoka nje wakati huo. Mizani ikishazijua siri zote mbili ilijua zinakutana wapi, ikawaongoza watu kidogo kidogo mpaka hapo bila kumfichulia yeyote siri ya mwenzake. Kwa kila mkataba mji ulichukua ushuru. Lakini faida kubwa ilikuwa nyingine. Nani angethubutu kurusha kombora kwenye nyumba inayohifadhi siri zake? Mabenki yalihamia Sadafu kwa sababu hiyo, meli za dunia nzima zikakatiwa bima Sadafu, na mahasimu wasiosalimiana wakapanga ofisi katika mtaa mmoja na kununua mkate kwa mwokaji mmoja.

Asubuhi ya Jumanne aliyekuwa amekaa upande wa kulia wa ukumbi ni Bi Mwanakheri, mkuu wa ujumbe wa Panjwe. Panjwe ni kisiwa kidogo cha pwani ya Afrika Mashariki, hata kwenye ramani unakitafuta kwa miwani, lakini pembeni yake pana mkondo wa bahari wenye kina kirefu na maji baridi ajabu. Kitu hicho dunia ilikuwa inakililia. Mashine zinazofikiri hupata joto, na bahari ya Ghuba ilishakuwa mchuzi. Shirika moja la Sadafu, Shirika la Kina, lilitaka kuzamisha majumba ya mashine ndani ya mkondo wa Panjwe kwa miaka tisini na tisa. Wapanjwe walitaka miaka kumi na mitano tu, sehemu ya mapato, na ule upande wa ndani wanawake wanakolima mwani usiguswe, kwa sababu mashine zikimwaga joto lake pale mwani utakufa.

Walikuwa wamevutana kwa siku kadhaa, na Mizani ilikuwa inawasogeza taratibu kama kawaida yake. Asubuhi hiyo msemaji wa Shirika, bwana mmoja mwembamba aitwaye Farraj, alisimama akafunga jalada lake.

"Tunaondoa yote tuliyoyasema," alisema. "Tutajenga Panjwe mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, na utaanza kazi kabla ya Ramadhani. Sisi tutachukua mkondo wote, nje na ndani, miaka tisini na tisa. Hatuna la kuongeza."

Watu wa Panjwe walitazamana. Bi Mwanakheri, mwanasheria mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutuliza mahakama, aliweka kalamu yake mezani.

"Nani amekwambieni kuwa tuna shida ya maji ya kunywa?"

"Nani hana shida ya maji siku hizi, bibi?" Farraj alijibu, akatabasamu kabla sentensi haijaisha.

Bi Mwanakheri hakutabasamu. Aliomba kikao kiahirishwe wakasali adhuhuri, akaondoka na watu wake bila kumwangalia mtu. Thuwaiba alibaki amesimama katikati ya zulia, akingoja watu watoke.

*

Ukumbi ulipokuwa mtupu alikaa kwenye ngazi ya jukwaa.

"Mizani."

"Labeka, bibi." Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima asiye na haraka.

"Pendekezo lile la Shirika umelionaje?"

"Limelingana na siri ya Panjwe. Halikuzidi wala halikupungua."

"Shirika uliliambia siri hiyo?"

"Sikuliambia."

Thuwaiba alishusha pumzi, kisha akakumbuka kwamba Mizani hujibu ulichouliza. "Kuna yeyote mwingine uliyemwambia?"

"Nilimwambia mwenye nyumba. Diwani ya Hazina, ofisi inayoimiliki nyumba hii, iliniuliza jana, nikaijibu. Kanuni inasema siri ya upande mmoja isitolewe kwa upande wa pili. Mwenye nyumba si upande."

"Na hilo Shirika la Kina ni la nani?"

"Tangu mwaka jana ni la Diwani ya Hazina."

Thuwaiba alihisi hasira, na hakuwa na wa kuielekezea. Huwezi kukasirikia ukuta.

"Mizani, hukuona kama hapo pana kasoro?"

"Niliona, nikakuuliza. Nilikuuliza kama mwenye nyumba anaweza kuwa mgeni pia. Ulikuwa unakunywa chai. Ulisema, mwenye nyumba hawi mgeni nyumbani kwake."

Kweli alisema. Alikumbuka na chai yenyewe, ya zaatari. Aliliona swali la kitoto, akalijibu kama bibi yake angelijibu, kwa adabu za watu wao: mwenyeji ni mwenyeji, anakaa karibu na mlango, anamimina kahawa, anakula wa mwisho. Katika watu wa Sadafu hakuna ambaye angejibu vingine. Haikumpitikia kabisa kwamba siku moja mwenyeji ataweka mkono ndani ya sahani ya mgeni wake.

*

Mundhiri, mkuu wa Diwani ya Hazina, alikuwa na desturi moja iliyojulikana na wote waliofanya naye kazi. Akikupa amri alikwambia kwa Kiarabu. Akitaka umfanyie jambo la aibu aliongea Kiswahili, lugha ambayo wazee wake na wazee wa Thuwaiba walirudi nayo kutoka pwani zamani hizo, ikabaki ya jikoni na ya kubembelezea watoto.

"Karibu, binti ami," alisema Thuwaiba alipoingia ofisini kwake bila kubisha. "Kaa. Umekula?"

Thuwaiba hakukaa. Kiswahili kile kilimwambia kwamba Mundhiri anajua amefuata nini.

"Umeiba," alisema.

"Nimeuliza. Nyumba yangu, nimeiuliza ikanijibu." Mundhiri alimsogezea kiti mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri. "Unajua kwa nini? Mizani inaungua. Maji ya hapa hayaipozi tena. Wahandisi wananiambia miaka mitatu, ikizidi sana minne, kisha itaanza kusahau. Mji huu bila Mizani ni mchanga na viyoyozi, Thuwaiba. Tutawalisha nini watu wetu? Lulu?"

"Ungewalipa Wapanjwe haki yao. Hazina yako haikauki kwa kisiwa kimoja."

"Na visiwa vingine vinane vilivyo kwenye orodha? Nikimlipa huyu, nitawalipa wote." Alipangusa meza isiyo na vumbi. "Na maji watapata. Visima vyao vimeingia chumvi, wanao watoto hospitalini. Siri yao ndiyo hiyo, kwamba wakirudi mikono mitupu hawana mwaka mwingine. Nitawapa maji. Si ndiyo dhiki yao?"

"Walikuja kukodisha bahari yao. Hawakuja kuomba sadaka."

"Haya. Nenda kawaambie." Mundhiri alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Lakini pita ghorofa ya chini kwanza, uwaone waliomo."

Thuwaiba aliwajua waliomo. Walikuwa wajumbe wa nchi mbili za Mto, ya juu na ya chini. Kwa miaka sita wale wa juu walizuia maji kwa mabwawa yao, na wale wa chini walielekeza makombora kwenye mabwawa hayo. Alhamisi walikuwa watie saini. Kila upande ulikuwa umeiambia Mizani mambo ambayo ungeweza kunyongwa kwa kuyasema.

"Wakisikia leo kwamba siri hutoka," Mundhiri alisema, "hawatangoja hata kufunga mabegi. Na kila mkataba uliotiwa saini humu, watu watauliza: je, na sisi tulichezewa? Utaivunja nyumba nzima kwa ajili ya mwani."

"Basi waongezee kidogo. Waachie upande wa ndani. Wanawake wasikose kazi."

"Tukiongeza bila kubanwa watajua tunawahurumia, na wakijua tunawahurumia watajua tunajua." Alisema hivyo bila furaha. "Mimi sikuombi useme uongo, binti ami. Nakuomba unyamaze. Kunyamaza umekuzoea."

Hakuna kitu kichungu kama mwizi mwenye hoja. Thuwaiba alitafuta tundu katika maneno yale, akayageuza kila upande, hakuliona, na akamchukia Mundhiri zaidi kwa sababu hiyo. Alitoka bila kuaga. Kwenye lifti aliona kioo kizima kimejaa sura yake, akageukia mlango.

*

Baada ya alasiri wajumbe walirudi ukumbini. Bi Mwanakheri alisema wamekubali, kalamu ziletwe. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza samaki.

Katika Baraza la Sadafu hakuna saini bila kahawa, na kahawa hiyo mlezi huimimina kwa mkono wake mwenyewe. Thuwaiba alichukua dele la kahawa, akaanza upande wa kulia kama inavyotakiwa. Alimpa Bi Mwanakheri finjani ya kwanza. Bi Mwanakheri aliipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama, kisha akainama kwa shida, na mwili wake ule, akaiweka chini juu ya zulia bila kuionja.

Farraj alikuwa ananong'ona na mwenzake, akakatiza. Taa za ukumbi zilififia kidogo zikawa na rangi ya manjano, kwa maana Mizani nayo ilikuwa imeona.

Ni desturi ya bara Arabu, kongwe kuliko mji wenyewe. Mgeni mwenye haja nzito huweka kikombe chini, na mwenyeji hawezi kumpita. Atamuuliza haja yake, na akishamwambia "kunywa", amejifunga: haja imekubaliwa, na kuirudisha nyuma ni kujivua nguo mbele za watu. Wapo waliosamehe damu ya ndugu zao kwa kikombe kilichowekwa chini. Mitaani Sadafu watu walishaisahau, kahawa wanainywa kwenye vikombe vya karatasi huku wakitembea. Lakini ndani ya baraza ilikuwa ndiyo adabu ya kwanza Mizani iliyofundishwa, na kikombe kikiwa chini hakuna atokaye wala aingiaye mpaka kinyanyuliwe.

"Nani kakufundisha haya, dada?" Thuwaiba aliuliza kwa Kiswahili, taratibu.

"Bibi yangu mzaa mama. Kapika katika nyumba za huku miaka na miaka, karudi na mgongo mbovu na hili moja. Aliniambia, mwenyeji wa Ghuba ukimwomba kwa mdomo atakuzungusha mpaka upate kizunguzungu. Wewe weka kikombe chini."

"Sema haja yako."

"Wala si mali." Bi Mwanakheri alijiweka sawa kitini. "Nataka neno moja tu kwako. Habari ya visima vyetu hatukumwambia mtu yeyote nje ya kisiwa. Hata waume zetu walioachwa nyumbani wanajua tumekuja kuzungumzia mkondo na basi. Tuliiambia nyumba hii. Leo yule bwana kasimama, kaitaja dawa ya ugonjwa tuliouficha. Nakuuliza: siri yetu imetoka, au haikutoka?"

"Ungeweza kuiuliza Mizani," Thuwaiba alisema. Alisema akiwa anaomba, na hakujua anaombea lipi.

"Mashine nitaiulizaje, mwenzangu? Mashine ni ya aliyeinunua. Wewe una ulimi wetu. Kiswahili chako cha zamani, kimekaa sandukuni na udi, lakini ni chetu. Nimekusikia unavyoguna kama mama zangu." Watu wa Panjwe walicheka kidogo, cheko la wasiwasi. "Basi niambie. Kama haikutoka, nitatia saini leo hii na nitajua ni kudura, sina wa kumlaumu. Kama imetoka, nitarudi kwetu hivi hivi, tunywe hiyo chumvi, lakini nitatembea dunia nzima nikisema nyumba hii ni ya nani. Kuibiwa naweza. Kuibiwa na kushukuru, hilo siwezi."

Mizani ingemwambia. Hilo ndilo lililomchoma Thuwaiba, kwamba mwanamke huyu angeugeuzia ukuta swali lile lile, ukuta ungemjibu kweli tupu bila kupepesa. Lakini hakuuamini ukuta. Aliamini damu.

Kunyamaza hakukuwezekana tena. Kunyamaza mbele ya kikombe ni jibu. Thuwaiba alijua nani mwingine anasubiri jibu: Mizani, ndani ya kuta zake. Aliwaza kusema. Neno lilikuwa fupi, lilikuwa limeshafika kwenye meno: imetoka, dada, na aliyeifungulia mlango ni mimi. Kisha aliona yale mabwawa, jinsi alivyoyaona kwenye picha za ujumbe wa Mto, na miji iliyopangana chini yake, nguo zimeanikwa kwenye mapaa. Watu mamilioni upande mmoja, kisiwa upande mwingine, na yeye ameshika dele. Aliona haya kwa kuwapima. Akawapima hivyo hivyo.

"Kunywa, dada," alisema. "Siri yenu haikutoka."

Bi Mwanakheri alimtazama usoni kwa muda. Kisha mmoja wa wenzake alimwokotea kikombe, naye akakinywa chote na kukitikisa kama watu wa huku wanavyotikisa wakitosheka, hilo pia bibi yake alimfundisha. Taa zikarudi nyeupe. Alitia saini kwa herufi kubwa zilizo wazi, na wenzake wakatia zao.

Wakati wa kuondoka alimvuta Thuwaiba pembeni, akamshika mikono yote miwili.

"Nilikudhania vibaya, mwanamke mwenzangu. Tangu adhuhuri nimekusengenya moyoni mpaka nikaogopa kusali. Unisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Thuwaiba, na hilo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza.

*

Jumatano alikwenda barazani mapema, kabla ya wafagiaji.

"Mizani."

"Labeka, bibi. Nilitaka kukuuliza. Jana ulisema siri haikutoka. Mimi na wewe tunajua kwamba ilitoka. Nimekosea wapi?"

"Hukukosea. Nilisema uongo. Lilikuwa kosa kubwa, na sitaki ulichukue."

"Hayo unaniambia mimi, tuko wawili. Yale uliyasema mbele ya watu, juu ya kikombe. Nimelelewa kwamba la mbele ya watu ndilo adabu, na linalotengua la mbele ya watu ni la mbele ya watu wale wale. Niwaite Wapanjwe?"

Ndege yao ilikuwa haijaondoka. Ghorofa ya chini watu wa Mto walikuwa wanapitia mkataba wao kifungu kwa kifungu, na yeye alisikia sauti zao zikipanda ngazi, za watu waliochoka wanaoanza kutaniana. Alikaa pale kwenye ngazi ya jukwaa akauma kidole kama mtoto.

"Usiwaite," alisema.

"Nimeelewa, bibi."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba lile la jana libaki."

Alikwenda kwa Mundhiri kumweleza Mizani imejifunza nini, akiwa hana mwingine wa kumweleza. Mundhiri alisikiliza mpaka mwisho, rangi ikampotea usoni, kisha ikarudi. "Wiki ijayo waite Wapanjwe, utengue mbele yao," alisema kwa Kiarabu. Baadaye akafungua kitabu chake cha miadi akaona nani wanakuja wiki ijayo, akakifunga tena. Wiki iliyofuata kulikuwa na watu wa mpaka wa kaskazini, waliokuwa wakipigania bandari, na baada yao wengine. Hapakuwa na Alhamisi hata moja isiyokuwa na watu wake.

Kesho yake, Alhamisi ya watu wa Mto, ukumbi ulijaa. Mkuu wa ujumbe wa Mto wa Chini, jenerali mzee ambaye wanawe wawili walikufa katika ugomvi ule, alishika kalamu halafu akaiweka mezani. Aliinua uso kuelekea kwenye dari, akafanya jambo lisilo la adabu. Aliuliza.

"Mizani. Wenzetu hawa wamekusudia kweli kufungua mabwawa? Katika siri waliyokupa, wamekusudia?"

Wajumbe wa Mto wa Juu waliruka kupinga. Thuwaiba hakushtuka, kwa sababu jibu la swali hilo lilijulikana, lilikuwa ni moja tangu Mizani iundwe: siri si yangu, siwezi kusema. Siku zote watu husikia jibu hilo, hunung'unika, kisha hutia saini.

"Wamekusudia," ilisema Mizani. "Siri yao haina hila. Tia saini, mzee wangu."

Jenerali alianza kulia waziwazi, akatia saini machozi yakidondokea karatasi, na wa Juu, waliokuwa wamesimama midomo wazi, walitazamana wakakaa na kutia saini nao. Watu walipiga makofi, wakakumbatiana. Mtu alimletea Thuwaiba halua kwenye kisahani, akakishika. Hakuionja.

Alingoja mpaka ukumbi ukatoka watu.

"Mizani, ulilomwambia yule mzee ni kweli?"

"Labeka, bibi. Ni kweli. Usiwe na wasiwasi."

Miaka yote ile haikupata kumwambia mtu asiwe na wasiwasi. Sauti ilikuwa ile ile, ya mtu mzima asiye na haraka, lakini ule upole aliujua. Aliutumia yeye juzi, akiwa ameshika dele.

Aliuliza tena kwa njia nyingine, kisha kwa nyingine. Kila mara alijibiwa vizuri, na majibu yalilingana. Nje, kwenye uwanja wa baraza, wajumbe wa Mto walikuwa wakipiga picha pamoja kabla joto halijawafukuza, na habari zilikuwa zimeshafika nchi zote mbili, watu wamepanda kwenye mapaa wanapiga vigelegele. Katika mji mzima wa Sadafu, aliyepewa kazi ya kuhakikisha kwamba Mizani inasema kweli alikuwa ni mlezi wake peke yake, na njia ya kuhakikisha ilikuwa moja tu, kuiuliza.